Tone Jekundu Kwenye Bodi

Mvua ya saa nane ilimkuta Apondi katikati ya Oloo Street akiwa na koti jipya la rangi ya maziwa. Watu wote walikimbilia mlango mmoja, naye akasukumwa mpaka chini ya ngazi, akagonga meza ya fundi wa kompyuta, bisibisi zikamwagika. Fundi huyo, kijana mrefu wa Ainabkoi aitwaye Kim, sweta yake imetoboka kiwiko, aliinama kuziokota bila kununa. Akamwuliza kama amekuja na kazi ama amekuja na vita.

Apondi akacheka. Hakuwa amecheka wiki nzima, kwa sababu mkobani mwake mlikuwa na diski iliyokufa, na ndani ya diski hiyo ndimo ilimokuwa sauti ya baba yake. Mwalimu Omollo alikuwa hai, anakula, anatembea, ila saratani ilikuwa imemfanya aondolewe kikoromeo, na sasa aliongea kwa kuandika kwenye daftari. Kabla ya upasuaji alikuwa amerekodi hadithi arobaini na moja za ukoo wao. Kisha siku moja stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, diski ikatoa harufu ya kuungua. Nakala nyingine haikuwepo.

Kim aliigeuza diski, akamwonyesha bodi ya kijani iliyofungwa chini yake kwa skrubu.

"Hapa ndipo pameungua," alisema. "Sauti iko ndani, haijaguswa. Natafuta diski pacha ya hii, nitoe bodi yake."

Sasa, fundi awe na tabasamu namna gani, Apondi hakuwa mtu wa kumwachia kitu hivi hivi. Simu yake iliwahi kutoka kwa fundi mwingine ikiwa na betri ya mtu asiyemjua. Kim alipogeuka kutafuta bahasha, Apondi alichomoa rangi yake ya kucha, akadondosha tone jekundu kwenye bodi, juu ya kidude cheusi chenye miguu minane. Akibadilishiwa, atajua.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za simu. Kim alipiga kila jioni kueleza ametafuta wapi, leo Cheptiret, kesho Kesses. Habari za diski zilichukua dakika moja, zilizobaki zikawa za samaki na maziwa ya mursik, nani anajua kula na nani anajaza tumbo tu. Siku Kim alipomwita "mrembo wangu," Apondi akamwuliza kama amekula.

Ijumaa akaenda dukani bila kumwambia, rinda la bluu limepigwa pasi, chapati moto kwenye kibakuli. Kim hayupo. Diski ya Apondi iko mezani. Akaigeuza, akakuta bodi safi, haina hata doa.

Damu ikamchemka. Kim aliporudi, chuma cha kulehemu mkononi, alimkuta amesimama mbele ya wateja watatu.

"Umeuza bodi yangu. Wewe ni mwizi."

Kim akaanza kueleza, lakini maneno yalikuwa yamechelewa. Apondi aliondoka na diski yake, akaziacha chapati, na kama ni hasira ama ni kusahau, mwenyewe hakujua.

Fundi mwingine aliijaribu. Ikazunguka vizuri, lakini kompyuta haikuitambua, naye akasema imekwisha. Hapo Apondi akavurugikiwa kabisa. Mwizi gani anatoa bodi iliyoungua na kuweka nzima? Mwizi gani anapiga simu kila jioni, wiki mbili? Alifunga namba ya Kim, akaifungua, akaifunga tena, akatupa kadi yake ya biashara kwenye pipa. Alimchukia, na sauti yake ilimkosesha usingizi.

Baba yake akaandika, "Ulimwuliza?" Akajibu kwamba aliona kwa macho yake. Mzee akalipigia neno lile mstari, mara mbili.

Jumapili, baada ya kanisa, mlango ukabishwa. Ni Kim, ameshika kibakuli kilichooshwa na bodi ya zamani ndani ya kitambaa. Mwalimu ndiye aliyeokota kadi kwenye pipa na kumwandikia ujumbe.

"Hii chipu ndogo ndiyo inajua diski yako," Kim alisema, akionyesha kidude chenye tone jekundu. "Bodi mpya haiijui. Ni lazima niihamishe. Nilikuwa nimeenda kuazima chuma, kurudi, ukaniita mwizi."

Apondi akaleta diski, akaiweka mbele yake.

Kim alitoa chuma cha kulehemu mfukoni, akafanya kazi palepale, kwenye meza ya chakula. Alipomaliza akaigeuza diski. Kwenye bodi safi kulikuwa na tone jekundu, limeungua kidogo kandokando.

Kompyuta ikanguruma. "Apondi," sauti nzito ikasema, "hii kitu inarekodi kweli, ama naongea na ukuta?"

Mwalimu akashika koo lake. Apondi akalia bila kujificha.

"Nisamehe," akamwambia Kim. "Nilikuita mwizi mbele ya watu."

"Basi kuja kesho, mbele ya walewale, uniite mchumba."

Apondi alipapasa mkobani, akatoa rangi ya kucha, akakishika kidole gumba cha Kim na kukitia tone moja.

"Nikikuta huna tone hili," alisema, "nitajua umebadilishwa."