Nilifuta Ukurasa wa Mwalimu Nduta

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, mjane, mwalimu mstaafu hapa Thika. Wasomaji wenzangu, sijawahi kuiba hata kipande cha chaki. Lakini nilitenda jambo ambalo hata mwizi wa kuku angenishangaa... na aliyeumia ni mtoto wangu wa kuzaa.

Nilipostaafu mapema nilijitolea kuwa mkaguzi wa vyuo vya ualimu. Tulitembelea chuo, tukaangalia kama kweli kinaweza kutoa walimu, kisha tukapendekeza kipewe ithibati au kinyimwe. Mshahara haukuwapo. Ilikuwa heshima tu, na heshima mimi niliipenda kuliko chai! Baadaye nikafanywa mkufunzi wa wakaguzi wapya. Siku nne nzima, katika ukumbi wa kanisa, niliwaimbia wimbo mmoja: andika ulichokiona, si ulichoambiwa. Na kama wewe na mwenye chuo mnajuana, sema mapema ukae kando.

Katika kundi lile alikuwemo Nduta, mwalimu wa chekechea kutoka Mugutha. Mpole, wa maneno machache, macho makali ajabu. Ndiye niliyemchukua twende ukaguzi wake wa kwanza, katika chuo kimoja cha Ruiru kilichotaka kufunza walimu wa chekechea.

Mkuu wa chuo hicho alikuwa Wairimu. Tulisomea ualimu pamoja, bweni moja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Mume wangu alipofariki, Wairimu aliacha shughuli zake akakaa nami wiki tatu, akinipikia na kunilazimisha kula. Ningemkataaje? Fomu ilipouliza kama namfahamu mtu yeyote pale chuoni, niliandika hapana.

Tuliketishwa nyuma ya darasa tumwone mwanafunzi wa ualimu akifundisha watoto. Somo lilikwenda vizuri mno. Kisha yule mwanafunzi akainua picha ya ng'ombe, na kabla hajafungua kinywa, kasichana ka mbele kakapaza sauti: "Maziwa! Mayai! Asali!" Picha za kuku na nyuki zilikuwa bado mkobani.

Mimi nilicheka. Nduta hakucheka. Wakati wa mapumziko aliwauliza watoto wanasoma shule gani. Wakamwambia wao ni wa Sunday school ya hapo karibu, na somo hilo wamefundishwa wiki nzima. Chuo hakikuwa na shule hata moja ya kupeleka wanafunzi wake kufanya mazoezi! Nduta akayaandika yote kwenye ukurasa mmoja.

Wairimu alinivuta kando. "Mama Njeri, huyu mwalimu wako ataniua. Shule za mazoezi tutapata tu, nipe time." Nikaenda nikamwambia Nduta aondoe ukurasa ule.

"Lakini Madam, si ni wewe ulitufunza tuandike chenye tumeona?" akaniuliza kwa upole. Upole ule ulinichoma kuliko tusi.

Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Niliandika ripoti bila maneno yake. Halafu, Mungu anisamehe, nikaandika kwamba Nduta hafai kazi hii, ni mtu wa kushuku watu na hapokei maelekezo. Jina lake likaondolewa orodhani. Hakuteta. Alisema tu, "Sawa, Madam," akautia ukurasa wake mkobani akaenda.

Chuo kikapata ithibati. Na hapa ndipo mtanicheka... Binti yangu wa pekee, Njeri, akataka kusomea chekechea. Ningempeleka kwingine, Wairimu angeniuliza kwa nini. Nikampeleka hukohuko Ruiru, nikajiambia shule za mazoezi zimeshapatikana. Sikuuliza! Niliogopa kujibiwa.

Njeri alisoma miaka miwili, akahitimu kwa vigelegele. Wiki yake ya kwanza kazini alirudi nyumbani akilia. Watoto wanamuuliza mambo asiyoyatarajia, wengine wanapigana, na yeye amesimama tu, hajui aanzie wapi. Maskini, hakuwahi kufundisha watoto ambao hawakuwa wameandaliwa! Shule ilimwachisha kazi kabla muhula haujaisha. Wenzake vilevile. Wazazi wakalalamika, chuo kikanyang'anywa ithibati, na Wairimu mpaka leo hashiki simu yangu.

Jioni moja, tukiwa mezani, Njeri aliniuliza, "Mum, si ni wewe ulikagua hiyo chuo? Ulikuwa unajua?"

Nilimtazama mwanangu machoni, nikasema sikujua.

Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua taratibu. Ulikuwa ukurasa wa Nduta. Kumbe Njeri aliuliza chuoni nilikagua na nani, akamtafuta mwenyewe hadi Mugutha! "Nilitaka tu useme ukweli," akasema. "Aki ningekusamehe, Mum."

Kesho yake alihama. Sasa anahudumia wateja katika hoteli ya nyama choma kule Kamakis, na siku zake za mapumziko huenda kuketi darasani mwa Nduta, ajifunze kufundisha upya. Nduta, niliyemwandika hafai! Njeri hunipigia simu mara mojamoja, ananisalimu kama jirani, anakata. Nalia mpaka sasa ninapoandika haya.

Wasomaji, mficha maradhi kifo humuumbua. Rafiki akikuomba ufumbe macho, mkatalie akukasirikie. Hasira ya rafiki hupoa. Na kama umeshatia sahihi uongo, tafadhali, inuka leo uende ukaseme, usisubiri mtoto wako aje kukuuliza. Mimi niliulizwa mara moja tu.