Betri za Jua

Kila siku akitoka masomoni, Chérie alivua sare, akala kilichokuwapo, kisha akaenda kumsaidia baba yake sokoni katika mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo. Baba yake, Déogratias, alikuwa fundi wa redio na tochi. Kazi ya Chérie ilikuwa kuanika betri. Betri zilizochoka hazikutupwa. Zilipangwa juu ya bati kama samaki ndagala, jua likazipiga, na jioni zikapata nguvu kidogo za kuwasha tochi. Baraka nzima ilifanya hivyo. Umeme? Nguzo zilisimikwa wakubwa walipokuwa wakiomba kura. Waya bado ziko njiani, sijui mwaka wa ngapi huu, na mbuzi wanajikuna kwenye nguzo.

Fundi alikuwa na sheria moja. "Betri ya jua ni ya tochi tu," alimwambia binti yake. "Inatoka jasho, na jasho lake linakula chuma. Usiitie ndani ya kitu cha mtu."

Siku moja akaja Mzee Térence, mkimbizi kutoka Burundi aliyelima shamba karibu na kambi ya wakimbizi. Alifungua kitenge, akatoa roboti wa bati, mwekundu, mwenye urefu wa chupa, wa kuchezea watoto.

"Marehemu baba yangu alininunulia huyu mjini Bujumbura, nikiwa mdogo kuliko huyu binti," alisema. "Nimekimbia naye mara mbili. Sufuria niliacha, yeye sikumwacha. Lakini sasa hatembei."

Déogratias alimfungua tumbo, akaunga waya uliokatika, akapangusa vumbi kwenye meno ya magurudumu, akatia tone moja la mafuta ya cherehani. Akamjaribu kwa betri mpya. Roboti akapiga hatua, macho yote mawili yakawaka. Fundi akazitoa betri palepale.

"Kitu cha zamani kinalala tumbo tupu," alisema. "Mwenyewe atamchukua Jumamosi."

Jumatatu fundi aliitwa kijiji cha Lweba kutengeneza redio, akamwachia Chérie kibanda kila alasiri. Kesho yake akapita rafiki yake, Merveille.

"Eti papa yako iko na mutu wa chuma mwenye anatembea? Uongo!"

"Ngoja uone."

Chérie aliokota betri mbili kwenye bati, zingali moto, akazisukuma tumboni mwa roboti. Roboti akaanza kwenda, akiyumba, kifua mbele.

"Mwangalie! Anatembea sawa shefu wa serikali mwenye ametoka kula!" Merveille alicheka hadi akashika mbavu.

Hatua zikapungua, roboti akasimama. Mara mvua ikashuka. Wasichana wakakimbilia kuanua betri, na Chérie akamfunika roboti kwa kitenge chake bila kumfungua tumbo. Akasahau.

Alhamisi Mzee Térence alipita. Alimshika roboti kidogo, akamrudisha mezani, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi fundi, aliyekuwa amerudi usiku, alifungua tumbo lile. Betri zilikuwa zimepasuka. Ukoko mweupe ulijaa, springi imeliwa, shaba imekuwa kijani.

"Nani alitia hizi?"

Chérie akakumbuka mvua ya Jumanne. "Mzee alipita Alhamisi, Papa. Alimushikashika."

Hakusema uongo wote. Alisema nusu, akaiacha nusu ya pili ijimalizie kazi.

Mzee Térence alipofika, fundi alimwonyesha. "Mzee, mbona ulitia betri mbovu?"

"Mimi?" Mzee aliitazama mikono yake. "Nilimshika, ndiyo. Betri... sikumbuki betri."

"Mutoto alikuwa hapa."

Mzee akamgeukia Chérie. Chérie akatazama vidole vyake vya miguu.

"Basi nilitia," mzee alisema polepole. "Mtoto atanisingizia nini? Kichwa kimeanza kuniacha, fundi. Leo nitarudisha funguo za kanisa. Miaka sita ni mimi ninayefungua na kupiga kengele. Lakini mtu asiyejua mikono yake imefanya nini, ataachiwaje nyumba ya wenzake?"

Akamwacha roboti mezani, akaondoka bila neno la hasira. Angalau angefoka! Chérie alijaribu kupanga betri, zikamponyoka moja moja. Mwishowe akaziacha chini, akakimbia hadi kituo cha pikipiki. Mzee alikuwa amekwisha panda.

"Mzee! Ngoja! Haiko weye! Ni miye nilitia betri. Nilitaka Merveille aone. Nikamudanganya Papa."

"Aka! Mutoto wa fundi!" dereva mmoja alisema. "Muzee muzima unamufanya mupumbafu?"

Wenzake wakacheka. Chérie hakuinua kichwa, lakini hakuondoka.

Mzee alishuka. "Rudia, mwanangu. Mimi sikutia?"

"Hukutia, Mzee. Ulimushika tu, ukamurudisha."

"Ndivyo ninavyokumbuka!" Aligonga paji la uso kwa kidole, akicheka huku machozi yakimtoka. "Kichwa changu kiko! Uliniogopesha, mama. Uliniogopesha sana."

Walirudi pamoja. Mbele ya baba yake Chérie alisema yote tena, na mara hii ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Fundi hakumpiga. Alimpa nusu ya limau, mswaki wa zamani na kipande cha msasa. Chérie alisugua ukoko hadi shaba ikang'aa, akafuta, akakausha. Springi ilikuwa imekwisha. Fundi akakata ulimi wa bati kutoka kopo la maziwa, akauweka mahali pake.

Roboti alitembea. Jicho moja tu ndilo lililowaka.

"Papa, hili lingine litapona?"

"Hapana. Hilo limekwenda."

Mzee Térence alisema jicho moja linatosha kuona njia. Akamwambia Chérie azitoe betri kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamfunga roboti ndani ya kitenge, akaagana nao. Ndipo fundi alipomkalisha binti yake.

"Daraja likianguka hapa, uliza wakubwa. Watakuambia kosa ni la mkubwa aliyepita kabla yao. Barabara ikioza, ni yule aliyepita. Kila siku ninawatukana, na leo nimesikia maneno yao katika kibanda changu. Kuharibu, hata mimi naharibu. Mikono inayofanya kazi inaharibu. Lakini ukiharibu, sema siku hiyohiyo, wakati limau bado inaweza kusaidia. Ukimwachia lawama asiye na kosa, unamla mtu kwa ndani, Chérie, na huko mswaki haufiki."