Siku Kumi na Moja, Hakuna Aliyegonga

Jumatano ile tulikuwa shambani kwetu Lisekese, tunaokota korosho. Mama alikaa chini, ananyofoa korosho kwenye mabibo. Baba alikuwa anafagia majani chini ya mkorosho. Mimi nilikuwa nabeba ndoo. Simu ya baba ikaita.

"Ni Severina," alisema baba. "Mama Severina, Ida, njooni mumsikie."

Dada yangu Severina ana miaka ishirini na mbili. Mwezi wa tisa alipata ufadhili, akaenda kusoma Hungaria, katika mji unaoitwa Debrecen. Siku ya kuondoka, majirani walijaa stendi ya Masasi kumuaga. Mama mmoja alimpa hata mto wa kulalia.

Baba aliweka sauti kubwa ili wote tusikie.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti imekauka hivyo?"

Severina akaanza kulia. "Baba, chuo wanataka kunifukuza."

Ndoo iliniponyoka. Korosho zikamwagika.

"Kwa kosa gani?" aliuliza baba. "Umepigana? Umeiba?"

"Sijafanya kitu. Niliugua. Homa na kikohozi. Nimelala chumbani siku kumi na moja. Leo nimepata barua kwenye simu. Wanasema sikuhudhuria masomo na sikutoa taarifa. Nisipojieleza kabla ya Ijumaa saa sita mchana, nafutwa. Nikifutwa chuo, na kibali cha kukaa nchi hii kinakwisha."

"Siku kumi na moja!" alisema mama. "Nani alikuwa anakupikia?"

"Hakuna."

"Nani alikuja kukujulia hali?"

"Hakuna, mama. Hata mtu mmoja hakugonga mlango."

Mama alipiga yowe, mikono kichwani. Bibi Sikudhani, jirani yetu, alikuja mbio kutoka shamba la pili huku ameshika kitenge kisidondoke.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," alisema baba. "Severina ameugua siku kumi na moja, hakuna aliyekwenda kumwona."

"Siku kumi na moja! Hao ni watu au mawe? Mimi juzi nilichelewa kidogo tu kuamka, jirani yangu Alfredi akataka kuvunja mlango wangu! Nikamwambia, mlango huu utaulipa wewe?"

Kwetu ndivyo tunavyoishi. Mtu asipoonekana siku mbili, majirani wanapiga hodi. Mtoto asipofika shule, mwalimu anatuma wenzake waje nyumbani kuuliza. Mgonjwa hajitangazi. Yeye analala, na wengine ndio wanaomsemea. Basi Severina naye alilala, akasubiri. Siku ya kwanza, kabla homa haijapanda, alinunua hata majani ya chai na kikombe cha pili, kwa ajili ya watakaokuja kumwona.

Baba alikasirika. "Rudi nyumbani, mwanangu. Hapo si mahali pa kuishi mtu."

Severina aliacha kulia. Kisha akasema, "Baba, nikirudi, nafasi hii sitaipata tena."

Nilimkumbuka Mama Basil. Ni muuguzi katika hospitali ya Mkomaindo, na nyumba yake iko karibu na shamba letu. Aliwahi kusoma India miaka miwili.

"Nimwite Mama Basil?" nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena kwa sauti. Wote wakanigeukia.

"Unangoja nini? Kimbia!" alisema mama.

Mama Basil alikuwa anafua. Alikuja vilevile, mikono ina povu. Baba alimweleza yote, akampa simu.

"Severina, ni mimi Mama Basil. Bado unaumwa?"

"Shikamoo. Homa imeisha, lakini kifua kinabana."

"Marahaba. Umekwenda kwa daktari?"

"Hapana."

"Hawakukupa kadi ya bima?"

"Walinipa. Iko kwenye begi."

"Kwani begi ndilo linaloumwa?"

Bibi Sikudhani alicheka peke yake, akaziba mdomo.

"Sasa nisikilize," alisema Mama Basil. "Huko watu hawakuchukii. Wanaona kugonga mlango wa mtu ni kumsumbua. Wanajua ukiwa na shida utasema mwenyewe. Hata mimi India nilipougua nililala nikingoja watu. Nilingoja mpaka nikaona nitafia chumbani."

"Lakini nitaanzaje kujisemea? Si ni kama kuombaomba?"

"Aibu hiyo ni ya Masasi. Huko haina kazi. Leo hii mwandikie mwalimu wako, na iandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Sema uliugua tangu lini. Sema hukujua kwamba unatakiwa kutoa taarifa. Omba kuonana nao. Kesho asubuhi nenda kwa daktari na kadi yako, akupime, akupe cheti. Ukishakipata, kipeleke ofisini siku hiyohiyo, wewe mwenyewe. Usingoje Ijumaa."

"Nimwombe daktari aandike siku zote kumi na moja?"

"Aandike alichokiona. Usimwombe uongo. Siku zilizobaki utazieleza wewe. Na tangu sasa, ukiumwa, toa taarifa siku ya kwanza, kabla kipindi hakijaanza. Na leo jioni gonga mlango wa jirani yako, umtajie jina lako."

Baba alikuwa ameduwaa. "Kwa hiyo huko mgonjwa ndiye anayepiga hodi?"

"Ndiyo, Baba Severina."

"Makubwa!" alisema baba, akakaa juu ya gunia.

Alhamisi hakuna aliyefanya kazi vizuri. Mama alikuwa anatupa korosho na kuweka mabibo. Simu ilipoita jioni, wote tuliikimbilia.

"Daktari amesema ni nimonia," alisema Severina. "Amenipa dawa na cheti. Amesema ningengoja zaidi, ningelazwa."



"Na chuo?" aliuliza baba.

"Nilipeleka cheti. Yule mama wa ofisini aliniuliza, kwa nini hukutuambia siku ya kwanza? Nikamweleza kwamba kwetu mgonjwa hajitangazi. Alishangaa sana, akaniuliza mara mbili. Hawanifukuzi, baba. Ila mtihani mmoja nitaufanya mwezi wa kwanza, na kazi ya maabara nitairudia yote."

"Rudia hata mara tano!" alisema baba.

"Kuna jambo jingine. Niligonga mlango wa jirani. Ni msichana kutoka Vietnam, anaitwa Linh. Amesema alinisikia nikikohoa siku zote. Mara mbili alifika mpaka mlangoni kwangu, akaogopa kunisumbua, akarudi."

"Alisikia, akanyamaza?" mama alipaza sauti.

"Mama, yeye naye ana wiki ya saba pale. Mlango wake pia hakuna aliyewahi kuugonga. Nilipogonga, alifungua, akalia."



Mama aliketi chini taratibu. "Ukuta mmoja," alisema. "Watoto wa watu wawili, ukuta mmoja."

Sasa ni mwezi wa pili. Severina alifaulu ule mtihani. Amejua ofisi ilipo, na ana namba za wanafunzi wanne wa darasa lake. Bado baridi inamshangaza. Juzi alituma picha ya miti isiyo na jani hata moja, baba akauliza ni ugonjwa gani umeishika.

Wiki iliyopita mafua yalimshika tena. Kabla kipindi hakijaanza, alikuwa amemwandikia mwalimu. Kisha akamwandikia Linh. Mchana Linh alikuja na uji wa mchele.

"Aliingia tu, au aligonga?" mama aliuliza kwenye simu.

"Aligonga, mama."

Mama alitaka kuambiwa mara ya pili. Severina akarudia.

"Aligonga."