Kasuku na Kompyuta ya Kupakata

Kila siku akitoka shuleni, Kasuku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeiweza: kupeleka maneno. Kasuku halikuwa jina lake la darasani. Alibandikwa jina hilo akiwa na miaka mitano, siku alipotumwa kwa jirani kuomba ungo, akarudi na jibu zima pamoja na chafya aliyoipiga jirani katikati ya sentensi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado hakuwahi kudondosha neno njiani.

Kazi hiyo ilikuwa na maana yake. Baba alikuwa seremala, na msumeno wake wa umeme ulipoanza kunguruma hakusikia simu wala mlango. Mama alikuwa muuguzi wa zamu, na simu yake aliizima akiwa wodini. Kwa hiyo habari za nyumba ile zilitembea kwa miguu ya Kasuku. "Kama Kasuku kasema, basi ndivyo ilivyosemwa," baba aliwaambia wateja wake, naye Kasuku alijisikia ameongezeka kimo.

Lakini tangu ilipofika barua ya chuo kikuu, habari zote zilikuwa za mtu mmoja tu. Dada amepata nafasi. Dada atasomea upimaji wa ardhi. Dada anahitaji sanduku, dada anahitaji viatu vya kutembelea porini. Majirani walikuja kumpongeza, wakampita Kasuku mlangoni kama wanavyopita kapu la viatu. Siku aliyoleta ripoti yake ya kuwa wa pili darasani, mama aliiweka juu ya kabati akasema, "Vizuri mwanangu, ngoja kwanza dada yako aondoke, tutaisoma vizuri." Ripoti ikalala hapo juu wiki mbili.

Kasuku aliona wivu. Aliuona asubuhi, aliuona mezani, na alipolala aliamka nao. Wala haukuwa wivu wa sanduku na viatu peke yake. Mama alipokuwa zamu, dada ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha kusoma akiwa amempakata mapajani, kidole kimoja cha dada juu ya herufi na kimoja chake. Kisha mwalimu wa chuo akaandika kwamba kila mwanafunzi aje na kompyuta mpakato.

"Mpakato ndiyo nini?" Kasuku aliuliza.

"Si laptop hiyo," mama alijibu. "Inaitwa mpakato kwa sababu unaipakata, kama unavyopakata mtoto."

Moyoni Kasuku alisema, *mapaja yale yalikuwa yangu.*

Mtaa wa pili kulikuwa na fundi wa kompyuta aliyeitwa Fundi Miwani, kwa kuwa alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na mara kwa mara aliitafuta ya tatu. Duka lake lilijaa mashine hadi sakafuni. Yeye na baba walikubaliana kiungwana: baba amtengenezee rafu za ukuta mzima, naye ampe kompyuta moja nzuri kwa ajili ya msomi. Wiki tatu baba alikata, akapiga randa, akapaka vanishi. Rafu zilipokamilika, kompyuta mbili ziliwekwa pembeni wachague. Moja ilikuwa ya kijivu, nyembamba, imechubuka kidogo juu. Nyingine ilikuwa nyekundu, kubwa, na vitufe vyake viliwaka taa za rangi rangi.

Siku hiyo dada hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumuaga bibi, arudi baada ya siku tatu. Fundi Miwani naye alikuwa anajiandaa kusafiri kufuata mizigo. Akamwita Kasuku aliyekuwa akipita na mkoba wake wa shule.

"Njoo hapa, mwanangu. Baba yako hapokei simu. Mwambie hivi." Akakohoa mara mbili, kama kawaida yake. "Achukue ile ya kijivu. Haina sura, lakini ni nyepesi, na betri yake inamaliza siku nzima. Ile nyekundu aiache. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Betri yake imekufa, bila waya haiwaki, ile ni ya mtu wa kukaa ofisini. Binti anakwenda kupima ardhi porini, huo waya atauchomeka kwenye mti gani? Kesho mimi sipo, binti wa dukani atampa atakayoichagua. Umenipata?"

"Nimekupata, fundi."

Kutoka dukani hadi karakana ya baba ni mwendo wa dakika saba. Dakika tano za kwanza Kasuku aliyabeba maneno yale salama. Kwenye kona akakutana na jirani yao, mama mwenye ungo. "Kasuku! Msomi wetu anaondoka lini? Mwambie namwombea!" Hata hujambo hakupata. Hapo wivu ukamletea wazo. Ile nyekundu haiwezi kuachana na ukuta. Dada akiletewa nyekundu, haitamfaa porini. Ataiacha nyumbani. Na ikibaki nyumbani, itakuwa ya nani?

Baba alizima msumeno alipomwona. "Haya, lete habari."

"Fundi amesema uchukue ile nyekundu," alisema Kasuku. "Ya kijivu uiache."

Alibadilisha maneno mawili tu, tena kwa sauti ile ile anayoitumia siku zote. Baba hakuuliza mara ya pili. Kesho yake alikwenda dukani, binti wa dukani akaichomeka nyekundu kwenye umeme, taa zikacheza. Baba alizijua mbao, kompyuta hakuzijua. Aliigonga mgongoni kwa kidole kama anavyogonga ubao kusikia kama umeoza, akaridhika. "Kizuri chajiuza," alisema, akaifunga katika shuka safi akaileta nyumbani.

Dada aliporudi kwa bibi alipiga kelele za furaha, akamkumbatia baba, vumbi la safari kwa vumbi la mbao. Kisha akaketi mkekani, akaiweka kompyuta mapajani, akachomoa waya. Taa zikazimika. Kioo kikawa cheusi. Akaurudisha waya, ikawaka, akauchomoa, ikazima.

"Nzito pia," alisema, akijaribu kucheka. "Hii haipakatiki, baba. Labda yenyewe inipakate mimi."

Baba aliinuka taratibu. "Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu nimemchagulia mbao zisizo na hata fundo moja, naye ananipa kopo! Na alisema kwa kinywa chake nichukue nyekundu. Kasuku, si ndivyo alivyosema?"

Wote walimgeukia. Wiki nyingi Kasuku alitamani watu wamtazame yeye, na sasa walimtazama.

"Ndivyo," alisema.

"Basi fundi ni tapeli. Kesho anarudi. Nitakwenda na nyundo yangu na patasi, nizing'oe rafu zangu moja moja."

"Usigombane na mtu, baba," dada alisema. "Chuoni hakukosi maktaba yenye kompyuta, nitapanga foleni na wenzangu. Siku za porini nitaandika kwenye daftari. Hii abaki nayo Kasuku. Yeye anakaa karibu na ukuta, na mwakani masomo yanamzidi ugumu." Akaisukuma kompyuta hadi magotini pa mdogo wake. "Ila uitunze."

Ndicho hasa Kasuku alichokitaka, na kimekuja bila kuombwa. Aliitazama ile nyekundu na ikamchukiza. Chakula cha jioni kilimshinda. Mama alimpima joto kwa kiganja, akasema hana homa.

Asubuhi baba akachukua nyundo na patasi. "Twende, Kasuku. Wewe ndiye shahidi wangu. Akikana, utayarudia maneno yake mbele yake."

Fundi Miwani alikuwa amesimama katikati ya duka akizitazama rafu zake mpya, miwani zote mbili kwenye paji la uso. "Seremala wangu!" alisema. "Njoo uone, hata buibui wanaogopa kuzisogelea. Binti anaipendaje laptop yake?"

"Laptop au kopo?" Baba aliweka nyundo juu ya meza kwa kishindo. "Nilikuamini kama ndugu. Umenipakulia takataka."

Tabasamu la fundi liliyeyuka. "Mimi?"

"Wewe. Shahidi huyu hapa, na huyu hajawahi kukosea neno. Kasuku, mwambie alivyosema. Yote, kama alivyoyasema."

Kasuku alimtazama fundi. Mzee wa watu alikuwa amesimama mikono imelegea, anamtazama yeye tu, wala hakuwa na hasira. Alikuwa akingoja kusikia kosa lake mwenyewe. Duka zima lilinuka vanishi ya baba.

Kasuku akafungua mdomo. Akakohoa mara mbili.

"Achukue ile ya kijivu," alisema. "Haina sura, lakini ni nyepesi, na betri yake inamaliza siku nzima. Ile nyekundu aiache. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Betri yake imekufa, bila waya haiwaki, ile ni ya mtu wa kukaa ofisini. Binti anakwenda kupima ardhi porini, huo waya atauchomeka kwenye mti gani? Kesho mimi sipo, binti wa dukani atampa atakayoichagua. Umenipata?"

Baada ya hapo hakuwa na maneno ya mtu mwingine ya kusema, ilibidi aseme yake. "Niligeuza mimi, baba. Fundi hakukosa. Nilimwonea dada wivu." Na machozi yakamtoka.

Baba alikaa kwenye kiti cha wateja. Aliichukua nyundo yake akaificha chini ya kiti, kama mtu anayeficha aibu. "Fundi, nisamehe," alisema. "Nilikuwa nakuja kukuvunjia rafu."

"Nimekusamehe, seremala. Hata mimi ningemwamini." Fundi alishusha miwani moja machoni, akainama mbele ya Kasuku. "Wanasema mjumbe hauawi. Kweli. Lakini mjumbe anaweza kuua, mwanangu. Maneno mawili umegeuza, na leo ungeua urafiki wa watu wazima wawili na masomo ya dada yako. Umenipata?"

"Nimekupata, fundi."

Ile ya kijivu ilikuwa imeshauzwa jana yake. Fundi alizunguka duka zima, akainua hiki, akakisukuma kile, hatimaye akatoa chini ya meza kompyuta nyembamba iliyovunjika pembe na kukosa vitufe vitatu. "Kichwa kizima, mwili mgonjwa," alisema. "Nina betri mpya inayoiingia. Nipe siku mbili, na ile nyekundu irudi hapa. Na mimi nipe huyu mjumbe, anichambulie skrubu."

Siku mbili Kasuku alikaa sakafuni akitenganisha skrubu ndogo kama punje za mtama na kuzitia katika vikopo kumi na viwili. Baba aliijaza pembe iliyovunjika kwa kipande cha mti mgumu alichokisugua hadi kikalainika kama kucha. "Ndani hamna kipande cha mti," alimtania fundi, "nimekihamishia nje."

Lakini adhabu ya skrubu haikuwa ndiyo iliyomuuma Kasuku. Alipotumwa sasa, mama alimpa karatasi iliyokunjwa. Jirani mwenye ungo naye aliandika. Hakuna aliyemsema, walimpa tu karatasi, naye akazibeba kimya.

Jioni kabla ya safari dada aliketi mkekani na kompyuta yake. Aliiwasha bila waya, ikawaka. Kisha akapiga paja lake la kushoto. "Njoo. Hii ni nyembamba, inakaa paja moja. Lingine lina mwenyewe."

"Mimi mkubwa sasa."

"Basi weka kichwa."

Kasuku akaweka kichwa. "Dada, nisamehe. Sikutaka uende."

"Ungeniambia hivyo, Kasuku," dada alisema. "Hilo ndilo neno ulilopaswa kuleta." Mama, aliyekuwa akisikiliza, aliinuka akaishusha ripoti kutoka juu ya kabati, akapangusa vumbi, akaanza kuisoma kwa sauti.

Wiki moja baada ya dada kuondoka, baba alizima msumeno wake akamwita. Mkononi hakuwa na karatasi.

"Nenda kwa Fundi Miwani. Mwambie hivi: baba anasema yule kasuku wake alimdanganya, akawa mwongo wa kutupwa, na leo ndiyo mara ya kwanza anamtuma tena kwa mdomo. Ukiyasikia haya yote, mletee seremala jibu kwa mdomo huo huo."

Njia ilikuwa ile ile ya dakika saba. Kwenye kona Kasuku alisimama. Dukani alikuta wateja watatu, na mmoja alikuwa baba wa mwanafunzi wa darasa lake. Lile neno *mwongo wa kutupwa* lingeweza kudondoka tu njiani. Nani angejua?

Alisogea hadi mezani, akavuta pumzi.

"Baba anasema yule kasuku wake alimdanganya, akawa mwongo wa kutupwa," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "na leo ndiyo mara ya kwanza anamtuma tena kwa mdomo. Ukiyasikia haya yote, mletee seremala jibu kwa mdomo huo huo."

Wateja walitazamana. Fundi Miwani alivua miwani zote mbili akazipangusa.

"Mwambie baba yako hivi," alisema. "Kukumbuka ni kipaji, hata kasuku wa kwenye tundu anacho. Kufikisha neno linalokuaibisha, bila kuongeza wala kupunguza, huo ndio uaminifu. Mwambie fundi kasema: mtume tena. Umenipata?"

"Nimekupata, fundi," alisema Kasuku, na akaondoka mbio, asije akachelewesha hata neno moja.