Pipa Moja Tu la Kabichi

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwenye bwawa la matete, chini ya kijiji chetu cha Gorni Rakit, kumsaidia mama. Majitaka ya nyumba zetu zote arobaini na moja huingia pale, hupita polepole kwenye kokoto na mizizi ya matete, kisha hutoka yakiwa safi upande wa mtoni. Mama yangu, Radka, ndiye mtunzaji wake. Kazi yangu ilikuwa kukinga kwa chupa ya kioo maji yanayotoka na kuyatazama juani.

Jumatatu moja ya Aprili maji yalikuwa ya kijivu, na yalinuka hadi nikaziba pua.

"Radka! Matete yako yanatuua!" alipiga kelele Bibi Gena, jirani yetu, kutoka dirishani. "Nguo nimezifua mwenyewe, nimezianua zinanuka kuliko mwanzo!"

"Nimesikia, bibi," mama alijibu.

Siku hiyohiyo alisafisha chujio. Jumanne alizibua mabomba. Jumatano aliingia kwenye tope hadi magotini, akarudi nyumbani na kurusha buti ukutani.

"Nimekagua kila kitu, Zlatina! Hakuna kilichoharibika!"

Sikuwahi kumwona hivyo. Mwenyekiti Stamen alikuwa ameshatangaza mkutano wa Ijumaa. Harufu isipoisha, bwawa litafungwa, majitaka yatamwagwa mtoni kama zamani, na mama atakosa kazi.

Mama alinusa ile chupa. "Kuna uchachu humu. Unatoka wapi?"

Kijiko cha supu kilinigandia mkononi. Jumamosi iliyopita, jua la kwanza baada ya theluji, mama aliniagiza nimwage maji ya pipa letu la kabichi, tuliyoichachusha kwa chumvi ili tule majira ya baridi, ndoo moja moja, kwenye lundo la samadi. Ndoo kumi na mbili! Na wenzangu walikuwa wananisubiri uwanjani. Nililiinamisha pipa juu ya karo la uani, linalopeleka maji bwawani, yakaisha mara moja.

Pipa moja tu haliwezi kuharibu bwawa zima, nilijiambia. Nikamaliza supu, nikanyamaza.

Ijumaa watu walijaa mbele ya duka, kila mtu akisema lake.

"Mpeni kazi mtu anayeijua!" alidakia mwenye duka. "Radka anasinzia tu kwenye majani!"

Mama alisimama na tope bado kwenye kucha. Niliwakasirikia wote, na nilijikasirikia mimi zaidi.

"Ni mimi!" nilipaza sauti. "Nilimwaga pipa la kabichi kwenye karo!"

Stamen alicheka. "Mtoto wee, pipa moja? Hata mimi langu nilimwaga Jumamosi hiyohiyo."

"Na mimi," alisema Bibi Gena kwa sauti ya chini. "Jua limetoka, ningengoja nini?"

Mama aligeuka. "Nani mwingine?"

Mikono ilipanda kwa aibu, mmoja baada ya mwingine. Mama alihesabu thelathini na tatu.

"Vijidudu vinavyosafisha maji yetu vinaishi kwenye zile kokoto," alisema kwa hasira. "Mmevimwagia mapipa thelathini na tatu ya chumvi na uchachu kwa siku moja, halafu mnaniuliza mimi!"

Hakuna aliyetaja tena kufunga bwawa. Wanaume walichimba shimo la kumwagia maji ya kabichi mbali na mabomba, na mama akaupumzisha upande mmoja wa bwawa baada ya mwingine ili vijidudu vizaliane tena. Baada ya siku kumi na tisa niliinua chupa juani, nikaona vidole vyangu upande wa pili.

"Samahani, mama," nilisema.

"Umesema mbele ya kijiji kizima, na hilo limenifurahisha," alijibu. "Lakini ukikosea, sema siku ileile, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Siku tano nimezama kwenye tope nikilitafuta kosa, kumbe linakunywa supu mezani kwangu."