Onyo Walilolificha Redioni

“Hiyo kumbukumbu ya kompyuta imeshaachiwa, haina mwenyewe. Sasa nani anaendelea kuandika humo?”

Kisa, fundi wa kompyuta wa redio moja ya Kyela, aliuliza kikaoni. Kiini cha mfumo, kile kinachozigawia programu zote kumbukumbu, kilikuwa kinatoa onyo lilelile tangu asubuhi: kipande cha kumbukumbu kilichobeba sauti ya Anyisile, dada mtangazaji wa misiba waliyemzika Pasaka, kilishafutwa na kuachwa wazi, lakini kuna mkono bado unaandika humo.

“Si kosa la kuua mashine, dada,” alisema meneja Lazaro. “Kiini kimeonya, kimeendelea na kazi. Wewe unataka nini?”

“Kisimame palepale! Kiini kisichojua nani yumo ndani yake utakiamini kwa lipi?”

“Tukizima, misiba itatangazwa na nani? Watu wa kijijini Talatala wazikwe kama kuku?”

Wote wakacheka, hoja ikaishia hapo. Lazaro akaamuru onyo lifichwe lisionekane tena kwenye skrini, na bila haya wakayaita hayo matengenezo.

Mchana huohuo studio ikanuka udongo mbichi wa ziwani. Spika zikakohoa. “Familia ya mzee Yakobo wa Talatala inasikitika kutangaza kifo chake…” Sauti ya Anyisile. Mzee Yakobo mwenyewe akapiga simu, anacheka: “Mnanizika na wali bado uko mdomoni? Basi rambirambi nileteeni mimi!”

Kabla jua halijazama alikuwa maiti.

Kisa akachomoa waya wa umeme. Mchungaji Hezroni akaitwa, akaomba huku jasho likimtiririka, na spika zisizo na umeme zikaendelea kupumua, taratibu, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema, harufu ya udongo ikizidi mpaka Lazaro akatapika, na kabla mchungaji hajafika kwenye “Amina” ile sauti ikasema, kwa upole kabisa, kwamba familia ya mama Rut, mfinyanzi wa Matema, inasikitika…

Mama yake Kisa.

Kisa akampigia simu palepale.

“Ndaga, asante kwa kunikumbuka, mwanangu! Mie mzima, nafinyanga tu.”

“Mama, zima redio!”

“Redio ipi? Betri ziliisha juzi. Ila kuna dada hapo nje ananiita kwa jina. Sauti yake naijua, ya yule wa matangazo ya misiba. Ngoja kwanza nim—”

“Mama,” Kisa alinong’ona. “Tafadhali, usiitike.”