Jina la Mama Mkwe

Shoga yangu mshonaji hajui kuzua. Hata umbea humshinda. Alikwenda peke yake ofisi ya vizazi kumwandikisha mjukuu wake wa siku tisa, amembeba kifuani. Mwanawe alitaka mtoto apewe jina la ukoo, la bibi yake marehemu, yule mama mkwe aliyemtesa shoga yangu miaka ishirini. Shoga yangu alikusudia kuandikisha jina lolote jingine.

Umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha. Giza totoro, karani akigongagonga kalamu mezani.

"Jina la mtoto, mama?"

Kabla hajajibu, pale kifuani pakatoka kikohozi kikavu anachokijua. Kisha sauti ya kikongwe ikalitamka jina la marehemu, polepole.

"Nimelipata," karani akasema. "Mpe kiti huyo bibi uliyekuja naye."